Wageni wa Mashavu Mapana

Walisema sitamaliza chuo. Nilimaliza, na stashahada yangu ya afya na uzalishaji wa mifugo ipo kwenye fremu ya kioo sebuleni kwa mama, mahali ambapo mtu hawezi kukaa bila kuiona. Ada niliilipa mwenyewe kwa kubeba magunia Mikumi, pale malori yanapolala. Wakasema nikienda Uarabuni sitarudi. Nilirudi. Wakasema kumbe alikwenda kufagia. Kweli nilifagia, mwanzoni. Baadaye nikawa msimamizi wa chakula katika duka la wanyama wa kufugwa majumbani, na kasuku wa watu wazito wamekula kutoka mkononi mwangu.

Lililoniuma lilisemwa na mama muuza uji, jirani yetu hapa Mabwerebwere, wiki ileile niliyorudi Kilosa. Alisimama mlangoni, akavitazama vizimba viwili nilivyovipakata kutoka Dar es Salaam kama watoto wachanga, akasema bila hata kushusha sauti:

"Huyu na vyeti vyake vyote, hata panya hawezi kumlisha."

"Si panya, dada yangu. Ni hamsta."

"Ana mkia?"

"Mfupi."

"Basi ni panya aliyepunguzwa."

Mama yangu alicheka mpaka akashika mlango. Binti yangu hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya vizimba, pua yake ikigusa nyaya, akimwangalia yule hamsta wa rangi ya asali akijaza mbegu mashavuni, kwanza shavu moja halafu la pili, mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mwili.

Hapa lazima nieleze jambo moja ili nieleweke. Nilipoondoka, binti yangu alikuwa hajaota meno yote, na mama yake alikuwa ameshaanza maisha mengine Iringa. Alilelewa na mama yangu. Niliporudi alikuwa darasa la tatu, mrefu, ana maoni yake. Alinisalimia shikamoo kama anavyomsalimia mtendaji wa kata, na baada ya hapo kila alilotaka kuniambia alilipitishia kwa bibi yake. "Bibi, mwambie chai yake ipo tayari." "Bibi, mwambie anakanyaga khanga yangu." Nami nimekaa palepale, nasikia vizuri. Jina la kuniita hakuwa nalo, na mimi sikuwa na haki ya kumdai.

Lakini hao hamsta aliwapenda tangu siku ya kwanza. Kwa ajili yao aliweza kukaa nami chumba kimoja jioni nzima. Aliuliza maswali, kupitia kwa bibi, lakini aliuliza. Kwa nini kila mmoja ana kizimba chake? Kwa sababu hamsta hapendi kuishi na mwenzake, watang'atana. Kwa nini wanalala mchana? Ndiyo tabia yao. Hivyo nilijua vizuri nilichokuwa nimekishika. Wale viumbe wakifia mikononi mwangu, sitakuwa na jambo la pili la kuzungumza na mwanangu.

Nilikuja na mfuko mmoja wa chakula cha dukani. Nilijipangia kwamba kabla haujaisha nitafika Mikumi, ambako malori ya Mbeya, Njombe na Iringa hupita na kila aina ya nafaka, nichague ninachotaka. Mvua ikapanga vingine. Barabara ya Mikumi ikakatika, magari yakawa hayapiti, na mfuko ukabaki unga chini. Dukani kwetu kulikuwa na mahindi, mchele na maharage. Maharage makavu ni sumu kwa hamsta, na mchele na mahindi peke yake ni sawa na kumlisha mtoto ugali mtupu mwaka mzima. Atashiba, lakini hatakuwa na nguvu.

"Si uwape pumba?" alisema mama. "Kuku wangu wanakula pumba na hawajawahi kulalamika."

"Mama, mimi ni mtaalamu."

"Najua. Nakaa na fremu yako sebuleni."

Nikachukua mabakuli ya mama nikaenda kukopa. Sioni aibu kulisema hilo. Mtu mwenye akili hukopa akijua atalipa vipi. Mama muuza uji alinipa ulezi, akiuliza kama panya aliyepunguzwa anapenda na sukari. Mzee mstaafu wa reli, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alinipa mbegu za maboga na alizeti alizokuwa ameanika kwenye bati. Shangazi yangu wa Zombo nilimpigia simu, akamtuma mwenye bodaboda aliyejua njia za kuzunguka madimbwi, ukaja mtama na uwele kwenye kigaloni kilichokatwa kichwa. Na mzee wa Kimasai anayetuletea maziwa alinipa fungu la nyasi kavu, safi, zenye harufu nzuri, baada ya kuniuliza mara mbili ng'ombe wenyewe wako wapi.

Kisha nikafanya kazi niliyoisomea. Nilipepeta kila nafaka kwenye ungo, nikatoa mawe na punje zilizoota ukungu, kwa maana ukungu mdogo huua mnyama mdogo. Mtama, uwele na ulezi ndivyo vilivyokuwa mwili wa chakula, nikaongeza mchele kidogo. Alizeti na mbegu za maboga niliweka chache sana, maana zina mafuta, na hamsta huzipenda kama watu wanavyopenda nyama ya harusini. Dagaa niliwaosha chumvi, nikawakausha upya juani na kuwapondaponda. Siku mojamoja niliongeza kipande cha yai la kuchemsha, kidogo kama kucha, na kumbikumbi wakavu tuliowaokota taa ya nje ilipowavuta. Tango kila jioni, karoti mara chache kwa kuwa ina sukari. Kitunguu na chungwa, marufuku. Nilipima kwa kijiko cha chai, nikamwonyesha binti yangu: kijiko kimoja kwa kila kizimba, jioni, basi.

"Bibi, mwulize kama kijiko ni cha kujaza mlima au cha kusawazisha."

"Cha kusawazisha," nilisema.

"Amesema cha kusawazisha," mama akamwambia, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Hamsta walikula vizuri mno. Manyoya yaling'aa. Nilitembea mtaani kifua mbele, na mama muuza uji aliponiuliza habari za wagonjwa wangu nilimkaribisha aje kuona mwenyewe. Hilo ndilo lililoleta matatizo.

Kwetu, chakula kilichokopwa kwa jirani hakilipwi kwa fedha. Ukimpelekea jirani noti kwa ajili ya bakuli la ulezi umemtukana. Ni kama kumwambia kwamba hutaki tena kugonga mlango wake. Unarudisha chakula, ndani ya bakuli lilelile, na unajaza kuliko ulivyopewa. Mpaka utakaporudisha, mwenye chakula ana haki ya kupita na kuuliza kinaendeleaje. Na barabara ilikuwa bado imekatika, kwa hiyo sikuwa na cha kurudisha.

Basi wakaanza kupita. Mama muuza uji alikuja akitoka sokoni, sufuria mkononi. "Nimekuja kuuangalia ulezi wangu." Mzee wa reli alileta kigoda chake kabisa, akakiweka mbele ya vizimba jioni, akisubiri yule hamsta wa pili, wa kijivu, apande gurudumu la kukimbilia lililokuwa ndani ya kizimba. Alikuwa na saa ya mfukoni, na hamsta akichelewa alitikisa kichwa.

"Treni hii haiwezi kufika Dodoma," alisema. "Gurudumu linazunguka, abiria yupo palepale."

"Ni mazoezi, mzee."

"Hata sisi mabosi walituambia hivyohivyo."

Mzee wa Kimasai alikuja kuzikagua nyasi zake, akakuta wamezitengenezea kiota na kulala ndani, akaniuliza kwa upole ni nani amewahi kuona mfugo unaolalia chakula chake. Shangazi, mara tu bodaboda zilipoanza kupita vizuri, alikuja mwenyewe kutoka Zombo na kukaa kutwa nzima. Alitaka kuona mtama wake unaliwa na nani. Alinikumbusha pia kwamba nilipoondoka alimwambia kila mtu nimekwenda Ulaya, na watu wakamjibu kwamba Ulaya wanaijua, ni kijiji, kipo njia ya Mikumi, mbona hatumwoni kijana?

Nyumba ilikuwa na watu, na mimi nilifurahi. Nilisimulia habari za Uarabuni. Hakuna aliyeniamini, ila wote walisikiliza.

Kisha hamsta wa rangi ya asali akaanza kuvimba.

Mwanzoni nilidhani ni mashavu. Lakini mashavu yalikuwa matupu na tumbo likaburuta kwenye maranda niliyowatandikia. Alipanda gurudumu, akafanya hatua kama mbili, akashuka kama mama mtu mzima anayeshuka kwenye lori. Manyoya ya nyonga yakaanza kupukutika. Nikapunguza kijiko kikawa nusu. Akazidi kunenepa. Nikaondoa alizeti zote. Akanenepa zaidi. Nilifungua daftari zangu za chuo, na humo kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kuku na nguruwe. Hapakuwa na mnyama yeyote anayenenepa kwa kupunguziwa chakula.

Binti yangu aliacha kuuliza maswali. Jioni moja alimpa yule hamsta kipande cha tango, hamsta akakinusa na kugeuza kichwa. Mwanangu akamwambia bibi yake, akitazama ukuta:

"Bibi, si alisema anajua?"

Mama hakunifikishia ujumbe ule. Aliendelea kuchambua mchele. Nami nasema wazi kwamba nimetukanwa kwa lugha tatu nchi za watu, na sijawahi kuumia namna ile.

Siku ya pili yake nilikivunja kizimba chote. Nilimweka hamsta kwenye ndoo kavu yenye nyasi, nikamwita binti yangu aishike isianguke, nikaanza kutoa maranda kidogokidogo juu ya gazeti. Kwenye kona, chini ya kiota, palikuwa na ghala. Hamsta yeyote ana ghala, hilo nililitegemea. Sikutegemea vilivyokuwemo. Karanga za kukaanga, nyingi. Kipande cha andazi. Pembe ya chapati. Makapi ya muwa yaliyotafunwa. Jibini la maziwa mgando lililokauka na kuwa gumu kama chaki. Na karanga nyingine, za aina tofauti, zenye chumvi.

"Nani ameweka hivi?" niliuliza.

Binti yangu alitazama ndani ya ndoo. Akasahau kupitia kwa bibi yake.

"Wanaokuja."

"Wanaokuja nani?"

"Wote. Muuza uji anakuja na andazi. Babu wa reli ana karanga mfukoni. Shangazi alileta muwa. Babu wa maziwa alisema mnyama asiyekunywa maziwa ana kasoro, akaminya mgando kidogo kupitia kwenye nyaya."

"Na wewe uliwaona?"

"Niliwaona."

"Mbona hukusema?"

Hapo mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alijibu kwa niaba yake. "Angesemaje? Mtoto amwambie mtu mzima asimpe mgeni chakula? Mimi ndiye niliyemkataza. Hao wametoka mbali, wamefikia kwetu. Mtu aje kwenye nyumba yangu amtazame mgeni usoni, halafu aondoke bila kumwachia kitu? Watu wa hapa hawana tabia hiyo."

"Mama, hao ni hamsta."

"Ni wageni wako. Umewaleta mwenyewe kwa basi."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja za mafuta, sukari na chumvi, zote sahihi. Lakini nilimtazama mama, nikaelewa kwamba hata nikibandika fremu yangu juu ya kizimba sitawazuia majirani. Kila mmoja alikuwa mkopeshaji wangu, mwenye haki ya kuja. Na kila aliyekuja alikutana na mgeni, na mgeni hanyimwi. Mimi mwenyewe ndiye niliyefungua milango yote miwili. Ningekuwa sidaiwi, wasingekuja kila siku.

Binti yangu alikuwa bado ameikumbatia ndoo. "Bibi," alisema, "wamekaa siku ngapi?"

"Nani?"

"Hawa. Si mgeni siku mbili?"

Methali hiyo mama ndiye aliyemfundisha, kila ndugu zetu wa Iringa wanapokaa kupita kiasi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Nami hapo ndipo nilipoonyesha kwamba sikusoma bure. Nilirudisha maranda safi kizimbani, kina kirefu kuliko mwanzo, na badala ya kuweka chakula kwenye kisahani nilikizika. Punje za mtama chini kabisa, ulezi katikati, dagaa ndani ya nyasi, uwele ndani ya ganda la hindi lililofungwa. Dukani Uarabuni tulifanya hivyo kwa wanyama wavivu, wafanye kazi ya kutafuta kama walivyoumbwa. Yule wa rangi ya asali alitoka kwenye ndoo, akatafuta kisahani chake, hakukiona, akakaa akitufikiria. Mwishowe akaanza kuchimba. Maranda yakaruka mpaka nje ya nyaya.

"Haya," mama akasema. "Amepewa jembe."

Lakini kumpa mgeni jembe haitoshi kama majirani hawajui kwamba si mgeni tena. Na kuwaambia huku nikidaiwa vyakula vyao ingekuwa utovu wa adabu, kana kwamba nimeshiba vyao na sasa nafunga mlango. Ilibidi nilipe kwanza.

Bahati nzuri barabara ilifunguka. Nilipanda gari la asubuhi kwenda Mikumi, na pale kwenye malori nilisimama nilipowahi kusimama zamani nikiwa na gunia mgongoni. Sasa nilikuwa nachagua. Ulezi wa Njombe, mwekundu, usio na vumbi. Mtama mweupe. Uwele na alizeti za Iringa. Mbegu za maboga nilizichambua moja moja mpaka muuzaji akaniuliza kama nakwenda kuzitia shule. Kwa mzee wa maziwa nilinunua jiwe la chumvi la kulambisha ng'ombe, kwa sababu nyasi huwezi kuzirudisha kwa mtu anayeishi juu ya nyasi. Kijana mmoja wa kubeba mizigo alitaka kunibebea. Nilikataa. Nilitaka waone kwamba mgongo bado upo.

Jumapili baada ya ibada tulitoka kulipa, mimi na binti yangu. Yeye alibeba jiwe la chumvi, mimi mabakuli mawili na kigaloni cha shangazi, ambaye alikuwa amekuja kusali Kilosa na kutusubiri kwa mama muuza uji. Mabakuli yote niliyajaza mlima, hakuna lililosawazishwa.

Mama muuza uji alipokea ulezi wake, akauchota kwa kiganja, akauacha umwagike kati ya vidole. Hakupata kasoro, na nilimwona akiitafuta.

"Umelipa," alisema. "Nitakuja kesho na andazi lao."

Binti yangu akasogea mbele. "Shikamoo. Bibi anasema mnakaribishwa wakati wowote, lakini wale wameshapewa jembe. Wanajilimia."

Mama muuza uji alimtazama, akamtazama na shangazi. Shangazi akaangua kicheko, akanigeukia. "Wameingizwa ukoo, basi! Mwanao amewaingiza panya kwenye ukoo!"

"Waliopunguzwa," akasema mama muuza uji. Andazi hakulitaja tena. Mgeni akishapewa jembe, kumpelekea andazi ni kumharibu, na hakuna mtu wa Mabwerebwere asiyejua hilo.

Mzee wa maziwa alililamba jiwe la chumvi kidogo kwa ncha ya ulimi, akaridhika, akauliza kama ule mfugo wangu bado unalalia chakula. Nilimwambia sasa unakichimba. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaniombea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee wa reli. Njia ilikuwa na matope, na bakuli la mbegu za maboga na alizeti lilikuwa limejaa kupita yote, kwa kuwa karanga zake ndizo zilizokuwa nyingi ghalani na nilitaka aelewe kwamba sina kinyongo. Nilikuwa nawaza hotuba. Nilitaka kumwambia kwamba yule wa asali amerudi kwenye gurudumu, kwamba jana jioni alikimbia bila kushuka, kwamba sasa hakuna mtu katika mji wa Kilosa anayenidai hata punje moja, na waliosema sitaweza waje waitazame fremu.

"Baba," binti yangu alisema nyuma yangu, "umelishika vibaya, zinamwagika."

Nilisimama. Mbegu tatu au nne zilikuwa zimeanguka kwenye tope. Alikuwa ameinama anaziokota, anazifuta kwenye sketi yake ya kanisani, hajui kwamba amesema kitu.

Nililishika bakuli upya, kwa mikono miwili, kama alivyotaka, tukagonga mlango.